Pumzi, Uvuvio na Uongozi: Imani ya Uvuvio wa Maandiko katika Tafsiri za Biblia ya Kiswahili

Utangulizi

Wakristo wa madhehebu karibu yote hukiri kwamba Biblia haikutokana na akili za wanadamu peke yake. Wanachoshindania ni namna Mungu alivyohusika katika kuandikwa kwake. Je, alitamka neno baada ya neno, na waandishi wakawa makarani tu? Au aliwaachia lugha yao, elimu yao na tabia zao, akahakikisha kwamba ujumbe haupotoki? Kwa desturi suala hili huachiwa wanateolojia. Hata hivyo, kwa msomaji wa Kiswahili, sehemu ya jibu huwa imekwisha kutolewa kabla yeye mwenyewe hajaanza kuuliza, kwa kuwa neno alilolikuta katika Biblia yake lilikwisha kumwelekeza upande mmoja. Mtafsiri humtangulia mwalimu wa dini.

Makala haya yanachunguza maneno matatu ambayo Kiswahili cha Kikristo hutumia kulitaja jambo hili, nayo ni pumzi, uvuvio na uongozi. Hoja inayotetewa ni kwamba maneno haya si visawe. Kila moja lina sarufi yake na picha yake, na kwa hiyo kila moja lafundisha itikadi yake. Itaonyeshwa pia kwamba neno pumzi, ambalo wengi huliona kuwa gumu na la kizamani, ndilo linalostahimili uhakiki kuliko mengine. Mwishoni itaulizwa swali ambalo jamii yoyote iliyopokea msahafu wake kwa njia ya tafsiri haiwezi kulikwepa: je, tafsiri yenyewe ina sehemu gani katika pumzi hiyo?

Neno la Kiyunani na utata wake

Mjadala hutegemea hasa aya moja ya Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3, aya ya 16. Hapo pana neno la Kiyunani theopneustos, lililoundwa kwa theos, yaani Mungu, na mzizi wa kitenzi pneo, yaani kuvuma au kupuliza. Neno hili halipatikani mahali pengine popote katika Agano Jipya, na kwa hiyo mfasiri hana aya ya pili ya kulilinganisha nalo. Biblia ya Kilatini ililieleza kwa kitenzi inspirare, ambacho maana yake ni kupuliza ndani ya kitu, na kutoka hapo lugha nyingi za Ulaya zikapata istilahi yao ya jambo hili. Mwaka 1900 mwanateolojia wa Marekani, Benjamin B. Warfield, aliipinga picha hiyo ya Kilatini. Kwa maoni yake neno la Kiyunani halisemi kwamba Mungu aliingiza pumzi ndani ya maandishi yaliyokwisha kuwapo, bali kwamba maandishi yenyewe ni zao la pumzi ya Mungu. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua kama uvuvio ni asili ya andiko au ni kibali kilichotolewa baadaye.

Utata wa pili ni wa muundo wa sentensi. Kiyunani hakikutumia hapo kitenzi cha kuwa. Vivumishi viwili vimefuatana tu: cha kwanza chahusu pumzi ya Mungu, cha pili chahusu manufaa. Kivumishi cha kwanza chaweza kusomwa kama sehemu ya kiarifa, na hapo sentensi itadai kwamba andiko lote limetoka kwa Mungu na tena lafaa. Chaweza pia kusomwa kama sehemu ya kiima, na hapo sentensi itasema tu kwamba andiko lenye sifa hiyo lafaa. Tafsiri ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilishika njia ya kwanza, na ile iliyosahihishwa ya mwaka 1881 ikashika ya pili. Wataalamu wa Kiyunani hawajapatana hadi leo.

Aya nyingine inayotajwa daima ni ya Waraka wa Pili wa Petro, sura ya 1, aya ya 21. Hapo manabii wanaelezwa kwa kitenzi chenye maana ya kuchukuliwa au kubebwa. Kitenzi hicho hicho hutumika katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, kwa chombo kilichoshikwa na dhoruba kikawa kinachukuliwa na upepo. Ni muhimu kuona tangu mwanzo kwamba aya hizi mbili hazisemi jambo moja. Ile ya Timotheo inasema juu ya andiko, na ile ya Petro inasema juu ya watu. Mengi yatakayofuata yanatokana na watafsiri kuulinda au kuufuta mpaka huo.

Maneno ambayo watafsiri waliyakuta

Katika Kiebrania neno ruah, na katika Kiyunani neno pneuma, hukusanya pamoja maana za upepo, pumzi na roho. Kiswahili cha leo hugawa maana hizo katika maneno matatu yasiyofanana kwa sura, na la tatu, roho, limetoka katika Kiarabu. Kwa sababu hiyo uhusiano ambao msomaji wa Kiyunani aliusikia mara moja, msomaji wa Kiswahili hana budi kuelezwa.

Lakini si kweli kwamba Kiswahili hakikuwa na neno la kuunganisha maana hizo. Mzizi wa upepo na wa pepo ni mmoja. Wenyeji wa pwani walikwisha kuona, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba kile kivumacho bila kuonekana na yule asemaye bila kuonekana wana udugu wa namna fulani. Hapa palikuwa na njia tayari. Watafsiri hawakuweza kuipita, kwa kuwa neno pepo lilikuwa limekwisha kukaliwa na viumbe ambao kanisa liliwakemea. Tena halikuwa neno tupu. Lilikuja na nadharia kamili ya usemi unaotoka kwingine. Katika ngoma za pepo, mtu aliyepandwa huitwa kiti. Pepo ndiye mwenye kusema, na kiti hukaliwa tu. Sauti si yake, huenda hata lugha isiwe yake, na akizinduka haulizwi juu ya aliyoyasema.

Nadharia ya kiti si ya pwani peke yake. Katika karne ya 2 Athenagoras wa Athens aliwafananisha manabii na filimbi, na Roho na mpiga filimbi. Wakati uo huo wafuasi wa Montanus huko Asia Ndogo walikuwa wakitabiri kwa kupagawa, na kanisa, baada ya kusitasita, likawakataa. Tangu hapo mafundisho ya Kikristo yamekuwa yakivutwa pande mbili: yanataka kusema kwamba maneno ni ya Mungu, lakini hayataki kusema kwamba mwandishi alikuwa kiti.

Kulikuwa pia na maneno ya Kiislamu. Muda mrefu kabla Johann Ludwig Krapf hajafika Mombasa mwaka 1844, watu wa pwani walikuwa na msamiati uliokamilika wa jambo hili. Wahyi hushushwa. Mtume huupokea kwa Jibrili na kuufikisha, wala yeye si mtunzi wake. Chini ya wahyi kuna ilhamu, ambayo waja wema na hata washairi waweza kuipata. Mtungaji wa utenzi wa kale aliyeanza kwa kumtaja Mola, akaomba kalamu, wino na karatasi, alikuwa akiomba msaada. Hakuwa akidai wahyi. Mpangilio huu wa daraja ni safi, nao ulikuwa tayari katika masikio ya watu.

Watafsiri wa Biblia hawakuchukua neno lolote kati ya hayo kwa aya ya Timotheo. Wahyi lingefanya kila mwandishi wa Biblia, pamoja na aliyeandika barua ya salamu, kuwa mpokeaji wa maneno yaliyoshushwa. Ilhamu lingemteremsha nabii mpaka daraja ya mshairi. Hata hivyo, kulikwepa neno si kuikwepa picha yake. Katika lugha ambamo kitabu cha Mungu kilikwisha kufahamika kuwa ni kitabu kilichoshuka, Mkristo wa Kiswahili ana wepesi wa kuisikia Biblia yake vivyo hivyo, ingawa hakuna mstari katika aya hizo mbili unaosema kwamba kitu chochote kilishuka. Huu ni mfano mzuri wa namna lugha inavyoweza kufundisha itikadi bila ya mwalimu.

Pumzi

Biblia ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952 baada ya Agano Jipya lake kutoka mwaka 1950, ilichagua kusema kwamba andiko lina pumzi ya Mungu. Uamuzi huo ni wa kijasiri. Pumzi ni neno la mwili, ndugu wa kupumua na kupumzika. Si istilahi ya chuoni, na mtoto analijua. Tena tafsiri hiyo hiyo hutumia pumzi katika Mwanzo, sura ya 2, aya ya 7, pale Mungu anapompulizia mtu aliyefanyizwa kwa mavumbi. Tafsiri ya kale ya Kiyunani ya aya hiyo ya Mwanzo nayo ina neno la pumzi lenye mzizi ule ule wa pneo. Kwa hiyo msomaji wa Biblia ya Muungano anaweza kuusikia mwangwi kati ya kuumbwa kwa mtu na kutokea kwa andiko, kama alivyoweza kuusikia msomaji wa Kiyunani. Ni nadra kwa tafsiri kuokoa uhusiano wa mbali kiasi hicho.

La muhimu zaidi ni sarufi. Pumzi imeunganishwa na andiko kwa neno lenye, na mzizi -enye hauna njeo. Hausemi kwamba pumzi iliingia lini, wala kama tendo limekwisha. Unasema tu kwamba andiko linayo. Neno la Kiyunani nalo ni kivumishi kisicho na njeo. Mtafsiri angetumia kitenzi angelazimika kuchagua kati ya -li-, -me- na -na-, na kila chaguo lingeongeza jambo ambalo mwandishi hakulisema. Kwa -enye alibaki pale alipobaki mwandishi.

Kasoro yake iko mahali pengine. Katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili, -enye inapofuata nomino yenye kila huelekea kubagua. Mtu akisema kwamba kila mwanafunzi mwenye kitabu asome, anafahamika kuwa anawaacha nje wasio na vitabu. Kwa kipimo hicho, kila andiko lenye pumzi laweza kufahamika kana kwamba yako maandiko mengine yasiyo nayo. Watafsiri waliiona hatari hiyo, wakayafungia maneno hayo kati ya mikato miwili ili yawe maelezo ya nyongeza. Lakini mkato huonekana kwa jicho. Kanisani mmoja husoma na wengi husikiliza, na msomaji asiyetua vizuri huiondoa mikato hiyo bila kujua. Itikadi nzima imewekwa juu ya pumzi ya msomaji mwenyewe.

Je, hiyo ni dosari ya kulaumiwa? Ingekuwa hivyo kama Kiyunani kingekuwa wazi. Kwa kuwa nacho kina utata ule ule, yafaa kusema kwamba Biblia ya Muungano iliuhamisha utata badala ya kuuficha. Anayetaka kutafsiri kwa uaminifu hana haki ya kuwa na uhakika zaidi ya mwandishi anayemtafsiri.

Uvuvio

Neno uvuvio ni la mafundisho zaidi kuliko la usomaji. Hutumika katika mahubiri, katika vitabu vya mafundisho na katika vyuo vya theolojia, kwa kuwa lugha ya mafundisho huhitaji nomino dhahania, na pumzi haitoi nomino hiyo kwa urahisi. Kwa upande wa uundaji wa maneno, uvuvio una rutuba. Mtu aweza kusema kuvuvia, kuvuviwa, aliyevuviwa na kilichovuviwa.

Lakini asili ya kitenzi ina uzito wake. Kuvuvia ni kupuliza, na mfano ulio karibu zaidi ni wa moto. Mpishi huvuvia makaa yaliyofifia. Mhunzi naye huyafanyia vivyo hivyo kwa mvukuto. Katika mifano hiyo yote makaa yapo kwanza, na pumzi huja baadaye. Ukisema kwamba andiko limevuviwa, kauli ya kutendwa pamoja na -me- zinaleta picha ya maandishi ya wanadamu yaliyokuwako, kisha yakapulizwa yakawaka. Hiyo ndiyo picha ya Kilatini ambayo Warfield aliipinga. Kiswahili kimeifikia kwa njia yake chenyewe.

Isidhaniwe kwamba picha hiyo haina ukweli wowote. Injili ya Luka huanza kwa mwandishi kueleza kwamba wengi walikwisha kuandika kabla yake, na kwamba yeye amechunguza mambo kwa uangalifu ili ayapange. Huyo si kiti. Ni mtu aliyekusanya kuni zake mwenyewe. Paulo naye katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, hutofautisha agizo la Bwana na shauri lake yeye, na katika sura ya 1 hakumbuki vizuri ni nani wengine aliowabatiza. Nadharia ya kutamkiwa neno kwa neno haina nafasi ya usahaulifu huo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya ufunuo ya mwaka 1965, uliwaita waandishi hao watunzi wa kweli, ukashikilia wakati huo huo kwamba Mungu alitenda ndani yao na kwa njia yao. Kwa fundisho la namna hiyo picha ya makaa ina msaada wake.

Hatari ya uvuvio ni upana wake. Neno hilo hukubali kiima chochote. Andiko limevuviwa, nabii amevuviwa, mwimbaji amevuviwa, na mhubiri wa Jumapili iliyopita naye amevuviwa. Anayesikiliza hana alama ya lugha ya kumsaidia kuutenga uvuvio wa mhubiri na uvuvio wa andiko analolihubiri. Hapa suala si la msamiati tu. Mtu akidai kwa neno lile lile mamlaka ile ile, wasikilizaji wake hawana pa kusimama wanapotaka kumpinga. Hakuna mhubiri asemaye kwa wepesi kwamba mahubiri yake yana pumzi ya Mungu. Ugumu wa neno pumzi ni ulinzi.

Uongozi

Biblia Habari Njema, ambayo Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1977 na Biblia nzima katikati ya miaka ya 1990, ilitayarishwa kwa kufuata nadharia ya kutafsiri maana badala ya umbo, nadharia iliyoenezwa na Eugene Nida tangu miaka ya 1960. Katika aya ya Timotheo tafsiri hii husema juu ya maandiko kuandikwa kwa uongozi wa Mungu. Faida zake ni dhahiri. Msikilizaji wa mara ya kwanza hufahamu. Utata wa kiima na kiarifa umekwisha, na nomino imewekwa katika wingi na kupewa sifa ya utakatifu ili mtu asidhani kwamba andiko lolote latosha. Picha ya karani anayetamkiwa nayo imeondolewa.

Bei iliyolipwa yastahili kuhesabiwa. Kwanza, pumzi imetoweka, na pamoja nayo mwangwi wa Mwanzo. Pili, sifa iliyokuwa ya andiko imegeuka kuwa habari ya tendo la kuandika. Kinachoongozwa ni kazi na watu wake, na andiko hubaki kuwa matokeo. Biblia ya Muungano ilikwisha kutumia kitenzi cha kuongozwa katika aya ya Petro, ambayo kwa kweli inasema juu ya watu. Habari Njema imeichukua lugha iliyofaa kwa watu na kuiweka juu ya maandishi, na mpaka uliokuwa kati ya aya hizo mbili umefutika. Tatu, neno uongozi katika Afrika Mashariki limekuwa neno la kamati na ofisi. Shule iliyojengwa kwa uongozi wa mwenyekiti ni shule ambayo mwenyekiti hakuwekea tofali hata moja. Msomaji aliyelizoea neno hilo katika hotuba na magazeti atamwona Mungu akiwa msimamizi wa shughuli.

Kipimo kizuri ni sura ya 36 ya Yeremia. Hapo nabii anamtamkia Baruku maneno, Baruku anayaandika kwa wino, mfalme Yehoyakimu analikata gombo na kulitupa motoni, na Yeremia anatamka upya, na maneno mengine mengi yanaongezwa. Imla imo kweli katika Biblia, lakini ni imla ya mtu kwa mtu. Lililotoka kwa Mungu halikuungua pamoja na gombo, wala gombo la pili halikulingana na la kwanza neno kwa neno. Uongozi hautoshi kulieleza jambo hilo, kwa kuwa maneno yanasemwa kuwa ya Bwana hasa. Kushushwa nako hakutoshi, kwa kuwa gombo liliongezeka. Pumzi yatosha: aliye hai hupumua tena.

Hata katika aya ya Petro, kuongozwa si chaguo pekee. Katika kitenzi hicho Mungu ni nahodha aliyeshika usukani. Katika Kiyunani yeye ni upepo. Kwa lugha iliyokulia kati ya kusi na kaskazi, lugha ya watu waliojua kwamba baharia hutweka tanga na kutunza chombo lakini mwendo si wake, ni ajabu kwamba picha ya upepo ndiyo iliyoachwa. Kitenzi cha kuchukuliwa kingeliweza kuibeba bila ya taabu, na kingelionyesha pia kwamba anayechukuliwa na upepo hakulala: ana kazi ya kufanya.

Tafsiri na pumzi

Lililobaki ni swali la tafsiri yenyewe. Wayahudi wa Iskanderia waliitukuza tafsiri yao ya Kiyunani, na Philo alisimulia kwamba watafsiri wake, kila mmoja kwa upande wake, walifikia maneno yale yale kana kwamba wametamkiwa. Augustino aliikubali heshima hiyo na kuwaona watafsiri hao kuwa walisaidiwa na Roho yule yule. Jerome, aliyekuwa mtafsiri mwenyewe, alikataa. Kwake unabii ni jambo moja na ukalimani ni jambo jingine. Mabishano yaliyofuata yalivuta pande zote mbili. Mwaka 1675 makanisa ya Kirekebisho ya Uswisi yalidai kwamba hata irabu za matini ya Kiebrania zilikuwa na uvuvio, ingawa alama zake ziliongezwa na wasomi wa Kiyahudi karne nyingi baada ya manabii. Mwaka 1978 tamko la Chicago juu ya kutokosea kwa Biblia lilichukua msimamo wa tahadhari zaidi: uvuvio hasa ni wa matini ya kwanza, na nakala na tafsiri ni neno la Mungu kwa kadiri zinavyoiwakilisha matini hiyo kwa uaminifu.

Kwa Mwislamu wa pwani swali hili halina ugumu. Kurani ni ya Kiarabu, na kazi kama ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, iliyokamilika mwaka 1969, ni tafsiri, yaani ufafanuzi wa maana zake. Neno tafsiri katika Kiswahili limechukua mzigo wa mambo mawili, kuhamisha na kufafanua, na mwanachuoni wa Kiislamu hulitumia kwa haki zote mbili. Mkristo hulitumia neno lilo hilo lakini hudai zaidi. Akisoma Biblia ya Kiswahili madhabahuni huiita Neno la Mungu bila kuongeza sharti lolote.

Historia ya Biblia hiyo humlazimisha atafakari anadai nini. Kazi ya Edward Steere na wenzake wa Unguja ilizaa Biblia nzima mwaka 1891. Ya Kimvita ilifuata mwaka 1914. Ya Karl Roehl ilitoka mwaka 1937, na ya Muungano mwaka 1952. Ni Biblia nne katika miaka 61. Roehl aliamini kwamba Kiswahili cha watafsiri wa pwani kilijaa Kiarabu kupita kiasi, akatafuta maneno ya asili ya Kibantu. Mahali pa nabii aliweka mfumbuaji, yaani afumbuaye lililofumbwa. Neno hilo halikudumu, na Biblia ya Muungano ilirudi kwa nabii. Hata hivyo lilibeba fundisho zima: mfumbuaji si kiti wala si karani, bali ni mtu anayefanya kazi ya akili juu ya fumbo alilopewa. Kama pumzi ingekuwa katika maneno tu, mabadiliko ya namna hii yangekuwa kufuru. Kanisa lililoyafanya lilikiri kwa vitendo, hata kama halikukiri kwa maandishi, kwamba pumzi haifungwi na neno moja.

Kuna jambo jingine ambalo historia hiyo hulidai. Krapf alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mjini Mombasa alisaidiwa na mwanachuoni wa Kiislamu. Nyuma ya kila tafsiri iliyofuata walikuwako wenyeji waliosikiliza, waliosahihisha na waliokataa maneno yasiyosemeka, na ni wachache kati yao wanaotajwa kama wanavyotajwa wamisionari. Itikadi ya kushushwa haina mahali pa kuwaweka watu hao. Itikadi ya uongozi huwaweka chini ya msimamizi. Itikadi ya pumzi peke yake huweza kusema kwamba kilichotoka kwa Mungu kilipita vinywani mwao na kubaki na harufu ya vinywa hivyo, bila ya kuacha kuwa kile kilichotoka.

Hitimisho

Imeonekana kwamba maneno matatu ya Kiswahili hutoa mafundisho matatu. Uongozi hueleza kwa uwazi jinsi watu walivyoandika, nao hufaa zaidi pale Biblia inaposema juu ya watu. Uvuvio hutoa istilahi inayohitajika darasani, lakini huanza na makaa yaliyokwisha kuwapo, na upana wake humpa kila msemaji ruhusa ya kuudai. Pumzi huacha utata pale ulipokuwa, haiongezi njeo isiyokuwapo, na huliunganisha andiko na uhai wa mtu wa kwanza.

Watakaoirekebisha tena Biblia ya Kiswahili hawalazimiki kuyapenda maneno ya mwaka 1952. Wanalazimika kujua kwamba wanapoondoa neno gumu kwa ajili ya msomaji, huenda wanaondoa ugumu ambao mwandishi aliukusudia. Mwalimu wa lugha naye anapofundisha -enye na -me- ana mfano mkononi wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba kiambishi kimoja chaweza kubadilisha kile ambacho watu huamini juu ya Mungu. Kuitazama Biblia ya Kiswahili kwa jicho hilo si kuingilia kazi ya wachungaji. Ni kutimiza kazi ambayo wachungaji, kwa kukosa nyenzo zake, hawawezi kuifanya peke yao.